Vijana, watu wa makamo au wazee: kwenye michango tuelekeze nguvu wapi?

Ukiwa kwenye kikundi kidogo cha kusaidia watu, iwe ni wagonjwa, watoto au mazingira, kuna swali linakuja tu lazima: hizi nguvu chache tulizonazo za kuchangisha tuzipeleke kwa nani? Manake mko watu wawili watatu mnaoshughulika na michango na kila mmoja ana kazi yake nyingine, hamuwezi asubuhi mtengeneze vidio za vijana, mchana mpigie simu wastaafu, jioni mkae na wenye biashara zao, mtachoka na mwisho wa siku hakuna hata sehemu moja mtakayokuwa mmeifanya vizuri. Kwa hiyo nimeyapanga makundi matatu sambamba, walio chini ya miaka 35, walio kati ya 35 na 60, na waliovuka 60, tuone wanatoa vipi na utoaji wao umebadilikaje mwaka hadi mwaka, halafu nitasema wazi mi ningechagua nani.

Lakini kabla ya kulinganisha kuna kitu lazima tukiweke sawa, kwa sababu ndicho kinachoharibu maamuzi ya watu wengi. Unapoona takwimu inasema mtu wa miaka 70 anatoa kuliko wa miaka 25, ndani yake kuna mambo matatu yamechanganyika. Kuna umri wenyewe, yaani wa 25 ndo anaanza maisha, ana kodi ya nyumba, labda mkopo wa masomo, mshahara mdogo, wakati wa 70 ameshamaliza kusomesha na anapolala ni kwake. Kuna kizazi, yaani mtu alikua wakati gani na alizoeshwa kutoa vipi, kwa bahasha kwenye ibada au kwa linki kwenye simu. Na kuna nyakati zenyewe, uchumi ukiyumba au serikali ikibadilisha sheria ya kodi wote wanaguswa, mzee kwa kijana. Ukiangalia mwaka mmoja peke yake hayo matatu huwezi kuyatenganisha, na hapo ndipo mtu anasema aah vijana waacheni, wakishazeeka watakuja wenyewe tu. Mi siamini hilo, na takwimu za miaka mingi haziliungi mkono.

Uingereza kwa mfano, mwaka 2012 ilitoka ripoti ya shirika la Charities Aid Foundation, wengi wanaliita CAF, iliyofanywa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, wakaangalia utoaji wa kaya kwa miaka kama 30 hivi. Wakakuta waliovuka 60 wanatoa zaidi ya nusu ya michango yote wakati miaka 30 nyuma walikuwa wanatoa theluthi na kidogo, na pia uwezekano wa mtu wa zaidi ya 60 kutoa ulikuwa umeshazidi mara mbili ya ule wa mtu wa chini ya 30. Sehemu ya hiyo ni kwamba wazee wenyewe wameongezeka idadi, sawa. Ila pengo la mtu mmoja mmoja nalo lilipanuka, na kama ingekuwa ni umri tu lisingepanuka, kwa sababu wazee walikuwepo wakati ule na vijana walikuwepo. Maana yake waliokuwa wazee miaka ya 2010 walikuwa watoaji tangu ujana wao, tabia waliingia nayo uzeeni, na vijana waliokuja nyuma yao hawakuanza na kasi ileile.

Hali haijawa nzuri tangu hapo. CAF hao hao wanasema mwaka 2019 watu 58 kati ya 100 Uingereza walitoa pesa kwa hisani au walimdhamini mtu kwenye kampeni, mwaka 2024 wakabaki 50, na kwa wale wa miaka 16 mpaka 24 wameporomoka kutoka 52 hadi 36 kwa mia. Marekani nako Chuo Kikuu cha Indiana kimekuwa kikifuatilia kaya zilezile mwaka hadi mwaka, mwaka 2000 kaya 66 kati ya 100 zilitoa, mwaka 2018 ikawa chini kidogo ya 50. Na wakati huo huo jumla ya pesa haikupungua, ilipanda, mwaka 2023 Wamarekani walitoa zaidi ya dola bilioni 557. Yaani pesa zinaongezeka, watu wanaozitoa wanapungua, mzigo unabebwa na mabega machache zaidi na mengi ya mabega hayo yana umri mkubwa. Kwa kikundi kidogo hiyo ni hatari ya kweli kabisa.

Sababu zipo kadhaa. Mtikisiko wa uchumi wa 2008 uliwakuta vijana wakiwa ndo wanaingia kazini, wengine walichelewa miaka kununua nyumba na kuoa, na kutoa kunaendana sana na mtu kutulia. Dini nayo, maana mazoea ya kutoa kwa wengi yanaanzia ibadani: Marekani mwaka 1999 watu 70 kwa mia walikuwa waumini waliojiandikisha kwenye kanisa, sinagogi au msikiti, mwaka 2020 wakashuka hadi 47, mara ya kwanza kuwa chini ya nusu tangu Gallup, shirika la kura za maoni, waanze kuuliza. Halafu kuna sheria ya kodi ya 2017 kulekule iliyofanya walipa kodi wengi wasione tena unafuu wowote wa kikodi wakitoa. Hiyo ya mwisho haina uhusiano na kizazi wala umri, ni nyakati tu.

Sasa tuje kwenye namba ambazo mi nazipenda zaidi kwa kazi hii ya kuchagua, za kampuni ya Blackbaud inayotengeneza programu za kompyuta za mashirika ya hisani, walifanya utafiti Marekani mwaka 2013 wakarudia 2018, na uzuri wake wanafuata kizazi kilekile kikiongezeka umri. Nazipanga hivi, kwanza wangapi kwa mia wanatoa, halafu wastani wa kila anayetoa kwa mwaka, halafu sehemu yao kwenye michango yote, nayo kwa mia:

Waliozaliwa 1945 au kabla: 2013 ni 88 kwa mia, dola 1,367, sehemu 26. 2018 ni 78, dola 1,235, sehemu 20.

Waliozaliwa 1946 hadi 1964: 2013 ni 72 kwa mia, dola 1,212, sehemu 43. 2018 ni 75, dola 1,061, sehemu 41.

Waliozaliwa 1965 hadi 1980: 2013 ni 59 kwa mia, dola 732, sehemu 20. 2018 ni 55, dola 921, sehemu 23.

Waliozaliwa 1981 hadi katikati ya miaka ya 1990: 2013 ni 60 kwa mia, dola 481, sehemu 11. 2018 ni 51, dola 591, sehemu 14.

Zisome taratibu. Makundi yote mawili ya juu, ya wazee, wastani umeshuka, na wale wakubwa kabisa wanapungua kwa sababu umri umeenda. Wa katikati, yaani waliozaliwa 1965 hadi 1980, wastani umepanda kwa kama robo ndani ya miaka mitano, na vijana nao wastani umepanda karibu hivyo hivyo, ila wanaotoa wamekuwa wachache. Kwa maneno mengine kizazi cha chini kinagawanyika, kuna wanaoacha kabisa na kuna wanaobaki wakitoa zaidi. Ukimsikia mtu anasema vijana hawatoi, na mwingine anasema vijana siku hizi wanatoa sana, inawezekana wote wanaangalia data ileile.

Tuanze na hao vijana basi. Shida yao kwako wewe mchangishaji ni kwamba kiasi ni kidogo na hawakai. Faida yao ni kasi na wingi. Mwaka 2014 ile kampeni ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu iliiletea ALS Association, shirika la Marekani linalopambana na ugonjwa wa neva wa ALS, dola milioni 115 kwa kiangazi kimoja, ikisukumwa na vidio za watu kwenye mitandao, hakuna barua ya posta ingefanya hivyo. Ila hiyo huwezi kuipanga, ni wachache sana wanaoipata, na anayejenga bajeti ya mwaka juu ya matumaini ya kusambaa mtandaoni anajitafutia matatizo. Kitu kingine, kijana anatoa sehemu ambazo takwimu nyingi hazioni, anamtumia rafiki pesa ya matibabu moja kwa moja, anachangia kampeni ya mtu binafsi, anatoa wikiendi yake nzima kufundisha watoto. Ndo maana CAF kwenye ile orodha yao ya dunia ya utoaji, waliyoianza 2010, waliuliza mambo matatu, kama umemsaidia mtu usiyemjua, kama umetoa pesa, kama umejitolea muda, na mara nyingi nchi zilizoongoza hazikuwa zile tajiri, Indonesia ilishika namba moja mara nyingi mfululizo hadi 2024. Ukipima kwa pesa iliyoingia kwenye akaunti ya shirika peke yake utamuona kijana ni bahili wakati si kweli.

Na wapo wanaoweza kujifunga kweli. Giving What We Can ilianzia Oxford mwaka 2009, watu wanaahidi asilimia 10 ya kipato chao, na wengi wameweka ahadi hiyo wakiwa wangali vijana. Kilichowashika ni kuelezwa kwa ushahidi pesa yao inafanya nini. Kwa hiyo ukitaka vijana waombe kidogo kidogo kila mwezi, na hapa kuna kitu kimoja naomba mkitilie maanani sana. Kijana kipato chake kinapanda na kushuka, kuna mwezi kazi imekatika. Kama ukurasa wenu wa kusitisha una kitufe kimoja tu cha ACHA, atabonyeza na hamtamuona tena. Weka na vingine viwili, cha kupunguza kiasi na cha kupumzika miezi mitatu, na chini yake maneno mafupi ya asante yasiyomlaumu. Mtu aliyepunguza bado ni wenu, na akipata kazi nzuri baadaye kumwomba apandishe ni rahisi mno kuliko kumtafuta upya.

Wa makamo ndo naona wanasahaulika kuliko wote, kila mtu anakimbilia ama vijana kwa sababu wanapendeza kwenye picha ama wazee kwa sababu wana hela. Hawa wa 35 hadi 60 wako kwenye miaka ya kipato kikubwa zaidi maishani, na kwa Marekani takwimu za kujitolea muda zinawaweka juu pia, nyingi ni kwa sababu ya watoto, shule, timu, ibada. Wana mzigo lakini, wanasomesha huku na wanatunza wazazi huku, hawana muda wa kusoma barua ya kurasa nne. Ukiwaendea kwa maneno ya kuliza tu hawasogei, wanataka kuona hesabu, pesa ya mwaka jana ilienda wapi, nani amekagua. Ukiwapa hiyo wanakaa miaka. Na wanavuta wenzao wa kazini, mmoja mwenye cheo ofisini akiamini kazi yenu anaweza kufanya mwajiri achangie kiasi sawa na walichotoa wafanyakazi, hiyo njia vijana wachache wanayo na wastaafu hawanayo tena.

Wanaondoka vipi? Mara nyingi hata hawajaamua kuondoka. Kadi ya benki imefika mwisho wa muda wake, benki imewapa mpya, malipo ya kila mwezi yanakataliwa na mfumo unanyamaza. Mtu yuko bize, hajui hata kama ameacha kuchangia. Chukueni orodha kila mwanzo wa mwezi, angalieni kadi zinazoisha ndani ya siku 60, mtumieni ujumbe mfupi wenye jina lake na linki ya kubadilisha, kama hajajibu mtu ampigie. Kwa kundi hili hiyo simu ya dakika mbili inaokoa pesa kuliko kampeni nzima mpya.

Wazee sasa. Kwa uhakika hakuna kama wao, wanatoa zaidi, wanatoa mara kwa mara, wakishakuamini hawahami hami. Hata kwenye majaribio ya maabara ambapo mtu anapewa pesa na kuachiwa aamue ampe mwenzake asiyemjua kiasi gani, watu wa umri mkubwa wanagawa zaidi kuliko wanafunzi wa chuo. Na ile habari kwamba wazee ni barua na hundi tu imepitwa na wakati. Mwaka 2020 Kapteni Tom Moore, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza mwenye miaka 99, alizunguka bustani yake mara 100 akitumia kigari cha kutembelea kabla hajatimiza 100, na mchango wake ulipitia ukurasa wa mtandaoni, akaingiza zaidi ya pauni milioni 32 kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja na nusu.

Kuna pesa moja ambayo inatoka kwa kundi hili peke yake kwa kweli, nayo ni wasia. Profesa Russell James wa Texas Tech amechunguza hili kwa miaka mingi na ameonyesha kitu kinachotabiri zaidi kama mtu ataliachia shirika urithi ni kutokuwa na watoto wala wajukuu, kinazidi hata utajiri, na pia kwamba wasia unaofanya kazi mwishoni mara nyingi unaandikwa au kurekebishwa uzeeni kabisa. Kwa hiyo aliyewataja kwenye wasia akiwa na 60 halafu mkamsahau, akiwa na 82 anaweza kuwatoa. Na mkizungumza na mtu kuhusu hili msimwombe kiasi maalum. Mtu akiandika elfu kumi leo, baada ya miaka 20 bei zimepanda na elfu kumi hiyo haifanyi tena kazi aliyoikusudia. Akiandika asilimia fulani ya kitakachobaki baada ya mazishi, madeni na mafungu ya familia, zawadi inakua na mali yake, na familia yake inatangulia, kitu ambacho kwa wazee wengi ndo wasiwasi mkubwa. Akae na mwanasheria wake mwenyewe, si wenu.

Ubaya wa kuegemea wazee ni mbili. Moja ni wazi, miaka inaenda, na baadhi ya tafiti zinaonyesha umri ukishapita 75 hivi utoaji unaanza kulegea, pensheni haitoshi, matibabu yanakula. Ya pili ni ya heshima. Uingereza mwaka 2015 kulikuwa na kelele kubwa baada ya kubainika wazee walikuwa wanafurikwa na barua na simu za kuombwa, majina yao yanapitishwa kutoka shirika hadi shirika, hadi ikabidi mwaka 2016 kiundwe chombo kipya cha kusimamia uchangishaji na 2017 ikaja huduma ya mtu kujitoa kwenye maombi. Mzee anayeshindwa kusema hapana msimwombe mara kumi. Mi hili silioni kama suala la sheria tu, ni utu, na kikundi kinachopata pesa kwa kumchosha bibi wa watu hakistahili hizo pesa.

Sasa uamuzi. Kama pesa inahitajika ndani ya miezi miwili mitatu, kuna dharura, msihangaike na kundi jipya lolote, rudini kwa waliowahi kutoa na muanze na waliovuka 60, wao ndo watajibu haraka na kwa kiasi cha maana. Kama mnachotaka ni jambo lijulikane, watu wasaini, wajitokeze, watoe damu au muda, vijana, na pesa itakayokuja ihesabuni ni nyongeza. Kama ni shirika mnalotaka liwepo miaka 20 ijayo na mna nguvu ya kundi moja tu, mi nachagua wa makamo bila kusita, nikilenga hasa wa 40 hadi 55. Namba za 2013 na 2018 ndo zimenishawishi, ni kizazi ambacho kiasi kinapanda, bado hakijaombwa mpaka kikachoka, na ndo hao wanaoingia kwenye miaka ya wasia baadaye mkiwa mmeshajuana. Mkipata nguvu ya ziada ongezeni mchango mdogo wa kila mwezi kwa vijana kabla ya kuongeza kingine chochote, hata kama mwaka wa kwanza unaonekana hauna faida, kwa sababu ile tabia ya kutoa inayowafanya wazee wa leo wawe walivyo ilianza zamani na mtu lazima aianzishe.

Na namba zenu wenyewe ni muhimu kuliko hizi zangu za Marekani na Uingereza. Kwenye fomu ya mchango ongezeni swali moja la hiari, muongo aliozaliwa mtu, miaka ya 60, 70, 80, basi, msiulize tarehe kamili wengi wataikataa. Halafu kila mwisho wa mwaka kwenye karatasi moja andikeni kwa kila muongo wangapi walitoa, wangapi wa mwaka jana wamerudi, na kiasi cha katikati (mkipanga michango kuanzia mdogo hadi mkubwa, ule ulio katikati ya orodha), si wastani, maana mtoaji mmoja mkubwa anauvuruga wastani wote. Mwaka wa kwanza haitawaambia kitu. Wa tatu mtaanza kuona kama waliozaliwa miaka ya 80 kwenu wanapanda au wanaondoka, na hapo mtagawanya nguvu zenu mkijua mnachokifanya.